Pomboo wa Hori na Boti Iliyojifanya Haipo

Katika historia nzima ya utafiti wa baharini, huenda hajatokea mtu aliyesikiliza kwa bidii kama Sikio na kuambulia kidogo kama yeye. Kwa miaka mitatu, kila asubuhi bahari ilipotulia, alishusha maikrofoni ya majini katika hori, ule mkono mwembamba wa bahari ulioingia nyuma ya bandari, akavaa hedifoni kubwa kama mabakuli mawili ya supu, akafumba macho na kungoja pomboo waanze kula. Pomboo hawakula. Waliingia, wakatoa milio yao michache, wakanyamaza, wakatoka. Sikio alikuwa na saa mia sita na arobaini za ushahidi kamili kwamba hakuna kilichotokea.

Jina hilo alipewa na watu wa gatini. Mama yake alikuwa amempa jina lingine, zuri na lenye heshima, lakini halikumaliza hata wiki baada ya zile hedifoni kuonekana hadharani.

Kwa faida ya wale ambao hawajawahi kuwa pomboo, ni vizuri kueleza jinsi mnyama huyu anavyotafuta chakula. Anawinda kwa sauti. Anatoa mlio mfupi, tk, tk, tk, na mwangwi unaorudi humwambia samaki yuko wapi na ana ukubwa gani. Akimkaribia, milio husogeleana, husogeleana zaidi, mpaka inaungana kuwa mvumo mmoja mwembamba, trrrrr, kama zipu inayofungwa na mtu aliyechelewa. Kisha kimya kidogo, kimya cha mwenye chakula mdomoni. Sikio aliuita mvumo huo zipu. Ukiisikia zipu, pomboo amekula. Usipoisikia, umekaa tu ndani ya boti na mabakuli kichwani.

Na sasa zipu ilihitajika haraka. Ijumaa saa nne asubuhi Mkuu wa Bandari, mwanamke aliyekuwa na uwezo wa kunyamazisha winchi kwa kuitazama, alitakiwa kuamua jambo moja: ama hori lifungwe kwa injini zote tangu alfajiri hadi saa tatu, ama liwe njia mpya ya boti za watalii. Sikio alitaka lifungwe kwa ajili ya pomboo jike mwenye pezi lenye meno, aliyemwita Msumeno. Msumeno aliingia horini kila asubuhi na mtoto wake wa miezi saba ubavuni. Mama anayenyonyesha ni lazima ale sana. Akifukuzwa anapokula, anayedhoofika kwanza ni mtoto.

Aliyetaka lifunguliwe ni Honi, mwenyekiti wa boti za watalii, mtu mpana na mchangamfu, aliyeamini kwamba hakuna tatizo la nchi kavu wala la majini lisilotatuliwa kwa kubonyeza honi.

Jumatatu wote wawili waliitwa ofisini kwa Mkuu wa Bandari. Chumba kilikuwa na meza moja, ramani moja, na viti vigumu vilivyochaguliwa makusudi ili vikao visirefuke.

"Mkuu, mimi si msomi," alianza Honi, akivaa miwani ili aonekane msomi. "Lakini msomi mwenyewe ameandika hapa, ukurasa wa kumi na moja. 'Katika siku zote za utafiti hakuna mlo uliorekodiwa ndani ya hori.' Kwa hiyo hori ni ukumbi wa kupita tu. Si chumba cha kulia."

"Hawali kwa sababu boti zenu zinawatisha hata zikiwa nje ya mdomo wa hori," alisema Sikio.

"Jumapili boti zetu zote zimefungwa gatini. Umerekodi Jumapili, binti?"

"Nimerekodi."

"Wakala?"

Sikio alitazama ramani. Ramani haikumsaidia.

"Hawakula," alisema.

Honi alivua miwani taratibu, kama hakimu. Alikuwa ameshinda na hata hakuwa na furaha ya ukatili. Alikuwa mtu mwema, ndiyo maana ilikuwa vigumu kumchukia ipasavyo.

"Nipe kitu nitakachokisikia kwa masikio yangu," Mkuu wa Bandari alimwambia Sikio. "Ukinisikilizisha pomboo anakula mle ndani, na ukanionyesha kwamba boti zinamzuia, nafunga hori. Usipoweza, Ijumaa nafungua. Kwaheri. Mlango ufungwe polepole, una bawaba mbovu."

Sikio aliishi na mama yake juu ya duka la rangi na kamba za meli. Chumba chake cha kazi kilinuka rangi ya mafuta mwaka mzima, na feni yake ilikuwa na bawa moja lililofungwa kwa utepe. Alasiri hiyo alikaa mbele ya kompyuta akihamisha rekodi zake zote kwenye diski nyingine, kwa namna ya mtu anayekunja nguo za marehemu. Rekodi moja ghafi, ambayo haijasafishwa, aliiacha ikicheza yenyewe.

Hapa pana jambo la kitaalamu, nalo litasemwa mara moja tu. Pomboo husikia sauti nyembamba mno ambazo sikio la binadamu halizipati. Kompyuta ya Sikio ilizishusha mpaka zikasikika, kisha ikazichora kama picha. Tangu wiki ya kwanza ya utafiti, kila picha ilikuwa na mistari wima iliyopangwa kwa nafasi sawa, kama fito za uzio. Sikio aliamua ni uchafu wa umeme wa boti. Akaifundisha programu yake kuufuta, na programu, kama kiranja mwaminifu, ikaufuta kila siku kwa miaka mitatu bila kuuliza swali.

Mama aliingia na kikapu cha nguo zilizokauka.

"Hiyo saa ya nani?" aliuliza.

"Saa gani, mama?"

"Hiyo inayogonga. Tik, tik, tik. Inaudhi kama mtu anayechokonoa meno karibu yako."

"Siyo saa. Ni uchafu tu. Huwa naufuta."

"Na huko majini huwa unaufuta pia?"

"Majini siwezi kufuta, mama, majini iko..."

Sikio aliacha mdomo wazi. Mama, aliyezoea kuona watoto wake wakiacha midomo wazi, aliendelea kukunja shuka.

Kompyutani Msumeno alikuwa anaingia horini. Tk, tk, tk. Na juu yake, sawasawa, bila huruma: tik, tik, tik. Dakika moja. Mbili. Dakika ya tatu tk za pomboo zilipungua. Dakika ya nne zilikoma. Tik za uzio ziliendelea peke yake, zikiwa na hori lote, kama mtu aliyeshinda ubishi.

Ndipo Sikio alipokumbuka bweni la shule aliyosoma. Kila usiku bweni lilivuma kwa soga, vicheko na biskuti za magendo. Kila usiku mwalimu wa zamu alifungua mlango, akamulika, akakuta wasichana arobaini wamelala kama mawe, akaandika daftarini: "Bweni tulivu. Nidhamu nzuri sana." Aliandika hivyo miaka minne. Kila mtu alimcheka mwalimu yule, na aliyemcheka zaidi alikuwa Sikio.

"Mama," alisema, "mimi ndiye mwalimu wa zamu."

"Hongera," alisema Mama. "Nishikie pembe ya shuka."

Boti ya utafiti iliendeshwa na kaka yake, ambaye wote walimwita Nahodha, na ambaye Sikio alimkuta gatini akipangusa usukani uliokwisha kupanguswa.

"Kaka, ndani ya boti hii kuna kitu kinachogonga mara moja kila sekunde?"

"Hakuna."

"Kaka."

"Labda kipima kina," alisema Nahodha. "Lakini kile hakigongi. Kinauliza tu maji yana urefu gani, kinajibiwa, kinauliza tena. Kwa adabu."

"Kinawaka tukiwa horini?"

"Kinawaka siku zote."

"Hata tukiwa tumetia nanga na injini tumezima?"

"Hasa tukiwa tumetia nanga. Maji hayaaminiki."

Sikio hakuhitaji maelezo zaidi. Miaka saba iliyopita kaka yake alipandisha boti juu ya fungu la mchanga ikiwa na abiria ishirini na wawili, wakakaa pale saa sita wakingoja maji yajae, na Honi akawazunguka mara mbili akiwapigia honi ya kuwapa moyo. Tangu siku hiyo Nahodha hakuwahi kukizima kifaa kile.

"Sisi hatukisikii," Sikio alisema. "Msumeno anakisikia. Fikiria unatia uzi kwenye sindano, na nyuma yako kuna mtu anagonga sufuria kwa kijiko. Utashona?"

Nahodha aliacha kupangusa. "Miaka yote mitatu?"

"Yote."

"Basi ni mimi niliyewafukuza." Sauti yake ilishuka. "Nimekuharibia kazi, mdogo wangu."

"Wewe uliwasha, mimi nikafuta. Tumeshirikiana vizuri sana," alisema Sikio. "Kesho tunaingia bila kifaa."

Nahodha alitazama maji kama mtu aliyeambiwa atembee juu yake.

"Nitajuaje kina?"

"Kwani mabaharia wa zamani walijuaje?"

Hivyo ndivyo Jumanne, saa kumi na mbili na robo asubuhi, Nahodha alivyoonekana kwenye mdomo wa hori, injini imezimwa, kifaa kimezimwa hadi waya wake umechomolewa, akiisukuma boti kwa pondo, ule mti mrefu wa kusukumia vyombo kwenye maji mafupi. Mbele alikaa Sikio na bildi: kipande cha madini ya risasi mwishoni mwa kamba yenye mafundo. Alikizamisha polepole, akahesabu mafundo, akanong'ona kina. Kila fundo lililopungua, Nahodha alipungua kilo moja.

"Mafundo manne."

"Mungu wangu."

"Matatu na nusu."

"Turudi."

"Manne tena. Hapa. Weka nanga, iteremshe kama mtoto aliyelala."

Wakakaa. Dakika kumi. Ishirini. Dakika ya arobaini na moja pezi lenye meno lilipasua maji, na dogo jingine ubavuni mwake. Hedifoni zilijaa. Tk, tk, tk. Dakika moja. Mbili. Tatu. Nne. Tano! Milio haikukoma. Ilisogeleana. Ikasogeleana zaidi.

Trrrrr.

Machozi yalimtoka Sikio yakaingia moja kwa moja kwenye mabakuli.

"Tumepanda fungu?" alinong'ona Nahodha, akiwa amekumbatia pondo. "Niambie tu. Tumepanda?"

"Anakula, kaka," alinong'ona Sikio. "Anakula!"

Zipu kumi na tisa. Kumi na tisa katika dakika thelathini, ndani ya hori ambalo kwa maandishi ya Sikio mwenyewe halikuwa na hata chembe ya mlo. Jumatano waliingia vilevile, kwa pondo na bildi, isipokuwa safari hii waliwasha kifaa makusudi. Dakika ya nne, kimya. Sikio hakuwahi kufurahia kimya namna ile.

Adhuhuri alipeleka rekodi zote mbili ofisini kwa Mkuu wa Bandari, na kabla ya kuzicheza alisimama na kusema kwamba ukurasa wa kumi na moja ulikuwa na kosa, kwamba kosa ni lake, na kwamba kwa miaka mitatu amekuwa akiwatisha wanyama aliowasikiliza na kisha kufuta kelele yake mwenyewe. Kulisema hilo kulimchukua muda mfupi kuliko alivyoogopa, lakini masikio yake yalipata moto hadi mwisho.

Honi alisikiliza zipu kumi na tisa bila kupepesa jicho.

"Nzuri," alisema. "Lakini hiyo sauti naweza kukurekodia hata kwa zipu ya jaketi langu. Halafu, Dokta, umeonyesha kwamba boti *yako* inawatisha. Yangu imekosa nini? Sisi hatuna hata vifaa hivyo vya kuuliza-uliza."

Lilikuwa swali la haki. Hata Sikio alilipenda.

"Basi kesho tutasikia sote," alisema Mkuu wa Bandari. "Mimi na wewe, Honi, ndani ya boti ya utafiti. Nawe utaniwekea boti yako moja mdomoni mwa hori, iwe tayari. Utakaa kimya?"

"Mimi?" alisema Honi, amejeruhiwa. "Mimi ni kaburi."

Alhamisi kaburi lilipanda botini likiwa limekwisha kutoa maoni manne kuhusu hali ya hewa. Mkuu wa Bandari alilitazama mara moja, nalo likanyamaza. Nahodha alisukuma pondo akiwa na abiria wazito kuliko wote katika maisha yake, wa kiofisi na wa kimwili. Mafundo manne, matatu na nusu, matatu. Hakuomba kurudi. Sikio aliunganisha jozi mbili za ziada za hedifoni, akamvisha Mkuu, akamvisha Honi kwa shida kidogo, na wakawa watu watatu wenye mabakuli vichwani, wametulia kama wanaongoja kupimwa homa.

Msumeno aliingia saa kumi na mbili na dakika hamsini. Tk, tk, tk. Trrrrr.

Nyusi za Mkuu wa Bandari zilipanda. Trrrrr, tena. Alianza kuhesabu kwa vidole, na vidole vya mikono yote miwili vilipokwisha alimgusa Honi begani na kumpa ishara.

Honi alishika redio yake na kunong'ona: "Ingia. Polepole kabisa. Kama uko msibani."

Boti ya watalii ilikata kona ikaingia, kwa mwendo wa upole hasa, mkiani ikiacha povu dogo tu. Kwa macho, asubuhi haikubadilika. Katika hedifoni hori liliporomoka. Ngurumo ilijaa toka ukuta hadi ukuta, na ndani yake tk za Msumeno zikawa za haraka, za kutapatapa, kisha zikakoma. Akaibuka, akapumua, akazama, akaibuka tena upesi mno. Mtoto alijibandika ubavuni mwake. Na kupitia ngurumo ile ulisikika mluzi mwembamba, ukipanda, ukirudiwa, ukirudiwa.

"Hiyo ni nini?" Honi aliuliza kwa midomo bila sauti.

"Anamwita mtoto," alinong'ona Sikio. "Ili asimpoteze kwenye kelele."

Honi alikaa na jambo hilo kwa muda wa miluzi mitatu. Alikuwa na watoto watano, na kila siku ya mapumziko aliwahesabu sokoni mara ishirini. Akainua redio.

"Zima," alisema. Kisha, kwa mnong'ono mkali uliokaribia kumpasua shingo: "Nimesema zima injini! Si kupunguza, zima! Toka kwa kasia, unamtisha mtoto wa watu!"

Injini ilikufa. Boti ilitoka kwa makasia mawili na aibu nyingi. Halafu hakukuwa na kitu. Maji yalipapasa ubavu wa boti. Dakika tano, kumi. Pezi lilikuwa mbali, mdomoni mwa hori, likienda nje. Sikio aliliona likigeukia bahari kuu na moyo wake ukalifuata. Dakika kumi na tano. Mguu wa Honi ulikufa ganzi, naye hakuusogeza. Nahodha alisimama na pondo kama mnara. Dakika ishirini na mbili, Mkuu wa Bandari alitazama saa yake. Akaifunika kwa kiganja, akaendelea kusikiliza.

Dakika ya ishirini na sita, kwa mbali: tk.

Hakuna aliyetikisika.

Tk, tk. Tk, tk, tk, tk, na pezi lenye meno likapita mita kumi tu kutoka botini, na milio ikabanana, ikabanana...

Trrrrr!

Inapaswa kuandikwa kwa heshima zote kwamba Honi, mwenyekiti wa boti za watalii, mtu aliyekuwa na sauti ya kuamsha kisiwa, alivua kofia yake, akaitia mdomoni, akaing'ata kwa meno yote, akapiga kelele ya shangwe ndani yake. Ilitoka kama mbuzi aliyefungiwa stoo. Mkuu wa Bandari alifungua mkoba, akatoa karatasi ya Ijumaa, akaiweka juu ya goti na kuisaini siku moja kabla, jambo ambalo halikuwahi kutokea katika ofisi yoyote ya serikali inayojulikana. Injini zote zilipigwa marufuku horini tangu alfajiri hadi saa tatu, na vipima kina vyote, boti ya utafiti ikitajwa ya kwanza. Sikio aliusoma mstari huo mara mbili, akasaini chini yake kama shahidi, kwa furaha.

Jumamosi hapakuwa na boti yoyote horini. Sikio alikuwa amelaza maikrofoni chini na kupitisha waya mrefu juu ya ukuta wa bandari, hadi kwenye spika ambayo Nahodha aliifunga kwenye nguzo ya gati. Kufikia saa moja wachukuzi, mafundi, watalii wenye maboya shingoni na waendesha boti wote wa Honi walikuwa wamekaa sakafuni, wametega masikio. Mama alikuja na kiti chake mwenyewe.

Zipu za Msumeno zilipita moja baada ya nyingine, ndefu, imara, za fundi. Umati ulizipokea kwa kutikisa vichwa. Kisha zikanyamaza, na mahali pake ikaanza nyingine: tk... tk, tk... ya kubabaika, isiyo na mpangilio. Ikapotea. Ikarudi. Ikajikwaa.

"Huyo nani tena?" aliuliza Mama.

Sikio alishika mkono wa kaka yake. Miaka mitatu hakuwahi kuisikia sauti ile.

Tk, tk-tk, tktktk, trrt!

Fupi. Mbaya. Haina hata robo ya urefu wa ile ya mama yake. Kisha kimya, kimya kidogo, kitukufu, cha mwenye chakula mdomoni.

"Mtoto!" alipiga kelele Sikio. "Ni mtoto! Amekamata wa kwanza! Amekamata mwenyewe!"

Na kwa kuwa walikuwa gatini, nyuma ya ukuta, mahali ambapo sheria iliruhusu, gati lote liliruka juu na kupiga kelele hadi ndege wakahama mapaa.